Pori Hufunika, Bustani Hukumbusha

Ndugu msikilizaji, mtu atokaye Nyakiriba akielekea mjini Gisenyi hushuka. Nyuma yake anaviacha vilima vya Rubavu, vyenye mashamba ya viazi, maharagwe na mahindi yaliyopandwa mpaka kileleni. Mbele yake ziwa Kivu limejitandaza, na ng'ambo ya mpaka upo mji wa Goma, na mlima Nyiragongo umesimama nyuma yake. Hii ni nchi yenye rutuba. Sehemu kubwa ya udongo wake asili yake ni moto wa volkano, na mvua zake si haba. Fimbo ya mti wa umuvumu iliyochomekwa ardhini kuwa uzio huchipua na kuwa mti kamili.

Lakini rutuba hiyo ina upande wake wa pili. Mahali ambapo kila kitu huota upesi, magugu nayo huota upesi. Kaburi lisilopaliliwa kwa msimu mmoja hufunikwa na majani. Baada ya misimu kadhaa huwa kichaka. Baada ya miaka ishirini mpita njia hawezi tena kujua kuwa hapo amelazwa mtu, wala kwamba mtu huyo alikuwa na jina, na mama, na sababu ya kufa.

Katika mazungumzo yetu ya leo tungependa kuzifikiria bustani za miti zinazopandwa ili kuwakumbuka watu wa mji au kijiji waliokufa katika vita na maangamizi. Swali tunalojiuliza ni hili: ikiwa pori ni miti, na bustani ya kumbukumbu pia ni miti, ni kitu gani kinachozitenganisha?

Desturi ya kuwapandia miti waliokufa si ngeni, wala hatukuletewa kutoka ng'ambo. Hapa Rwanda, tangu zamani za kale, makazi ya mfalme yalizungushiwa miti ya umuvumu. Mfalme alipofariki, nyumba ya nyasi ilioza na kuanguka, lakini miti ilibaki na ikatunzwa. Mahali hapo paliitwa ikigabiro. Watoto waliopita waliambiwa ni mfalme gani aliyekaa hapo. Hapakuwa na jiwe wala maandishi. Palikuwa na mti, na palikuwa na mtu mzima wa kueleza. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja.

Katika nchi nyingine desturi hiyo ilichukua sura yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika mji wa Ballarat nchini Australia, wafanyakazi wanawake wa kiwanda cha nguo cha Lucas walianza mwaka 1917 kupanda miti kando ya barabara, mti mmoja kwa kila mtu wa mji wao aliyejiandikisha kwenda vitani. Walipomaliza mwaka 1919 miti ilikuwa 3,771, na safu yake ilienea kiasi cha kilomita 22. Kila mti ulikuwa na jina. Mzazi aliyempoteza mtoto katika nchi asiyoijua alikuwa na mahali pa kwenda na mti wa kuushika.

Sasa, ndugu msikilizaji, tutazame yaliyotokea kwetu Afrika Mashariki katika vita hiyo hiyo.

Vita ilipoanza mwaka 1914, Gisenyi ilikuwa chini ya Wajerumani, na mpaka wake na Kongo ya Wabelgiji ukawa uwanja wa mapigano. Mwezi Septemba mwaka huo Wajerumani walikiteka kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka mpaka. Mwezi Mei yakaingia Kigali, na mwezi Septemba yakafika Tabora. Askari wachache wa Kizungu na maelfu ya askari wa Kiafrika walipigana. Lakini waliobeba vita hiyo, kwa maana halisi ya neno kubeba, walikuwa wapagazi. Magari yalikuwa machache, barabara hazikuwapo, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Hivyo risasi, unga, mahema na hata vipande vya mizinga vilipanda vichwani mwa watu.

Katika majeshi ya Kiingereza peke yake, wapagazi waliokufa Afrika Mashariki wanakadiriwa na wanahistoria kuwa karibu 100,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Walizikwa walipoanguka. Mpaka leo mitaa ya Kariakoo huko Dar es Salaam na Kariokor huko Nairobi inalihifadhi jina la kikosi chao kwa matamshi yetu wenyewe, ingawa wengi wanaokwenda kununua vitambaa na viatu katika mitaa hiyo hawajui kwamba wanalitamka jina la wafu.

Na hapa Bugoyi, yaani nchi inayozunguka Gisenyi, vita iliacha njaa kubwa iliyoitwa Rumanura, iliyodumu tangu mwaka 1916 hadi 1918. Majeshi yalichukua chakula, yalichukua ng'ombe, na yalichukua nguvu za wanaume waliopaswa kulima. Wakulima wa vilima hivi hivi, ambao hawakuwa na ugomvi wowote na Mjerumani wala Mbelgiji, walikufa kwa njaa. Jina la njaa hiyo limebaki katika masimulizi. Majina ya watu hayakuandikwa.

Je, ilikuwaje kwamba wafu wengi kiasi hicho hawakuwekewa alama? Uingereza ilikuwa imeunda tume ya makaburi ya vita mwaka 1917, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba wafu wote ni sawa, bila kujali cheo, rangi wala dini. Kule Taveta nchini Kenya mpaka leo yapo makaburi ya askari wa vita hiyo yaliyopangwa safu kwa safu, majani yamefyekwa, kila jiwe na jina lake. Kanuni ilitekelezwa kwa hao. Kwa wapagazi haikutekelezwa. Watawala wa kikoloni walidai kwamba Waafrika hawana desturi ya kuthamini alama za makaburi, na kwamba kutunza makaburi ya wapagazi ni kupoteza fedha. Ikakubaliwa kwamba makaburi hayo yaachwe yarudiwe na pori. Dar es Salaam iliwekewa sanamu ya askari mwaka 1927, na sanamu za namna hiyo zikawekwa Nairobi na Mombasa. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yanawataja askari na wapagazi kwa ujumla. Jina la mtu hata mmoja halimo.

Mwezi Aprili mwaka 2021, zaidi ya miaka mia moja baadaye, tume hiyo hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa na kukiri kosa. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na pengine hata kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, basi binadamu asiyeandikwa hupotea kwa msiba mkubwa zaidi, maana mali yaweza kutafutwa nyingine.

Basi tumekwisha kupata sehemu ya kwanza ya jibu. Pori lililoota juu ya makaburi ya wapagazi lilikuwa na miti mizuri, yenye kivuli na ndege. Lakini liliota kwa amri ya kusahau. Kinachoitenganisha bustani ya kumbukumbu na pori hilo ni, kwanza, jina.

Kosa hilo limeanza kusahihishwa, na namna linavyosahihishwa yafaa tuifahamu. Tarehe 22 Januari, 2025, katika bustani ya kale iliyo katikati ya mji wa Cape Town nchini Afrika Kusini, kulizinduliwa kumbukumbu ya watu 1,772 waliofanya kazi za uchukuzi na vibarua vya kijeshi barani Afrika katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao Waafrika weusi, ambao makaburi yao hayajulikani. Hakukujengwa mnara mmoja mkubwa. Zilisimamishwa nguzo 1,772 za mbao katikati ya miti ya bustani, na kila nguzo ina jina la mtu mmoja na tarehe aliyokufa. Mbao zenyewe ni za mti ambao sisi tunaozungumza Kiswahili tunaufahamu sana: mvule. Mjukuu anayefika hapo hutembea katikati ya nguzo, akisoma, mpaka aifikie ya babu yake. Imechukua zaidi ya karne moja kumfikisha hapo.

Ndugu msikilizaji, tumetembea mpaka Australia na Afrika Kusini. Sasa turudi Gisenyi, maana mji huu nao una wafu wake, na wengi wao si wa zamani kiasi hicho.

Ndani ya mji, karibu na makaburi, pana mahali ambapo mwaka 1994 watu walipaita Komini Nyekundu, kwa sababu ya damu iliyomwagika hapo. Tangu siku za kwanza za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mwezi Aprili mwaka huo, watu walitolewa majumbani mwao na katika maficho yao, wakapelekwa mahali hapo, wakauawa, wakatupwa katika mashimo. Habari za mahali hapo zilielezwa chini ya kiapo katika Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa ikikaa Arusha, nchini Tanzania. Mmoja wa viongozi wa Interahamwe wa Gisenyi, Omar Serushago, alikiri makosa yake mbele ya mahakama hiyo, na mwaka 1999 akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Leo mahali hapo pana kumbukumbu ya waliouawa.

Miongoni mwa waliouawa hapo alikuwako mwanamke mmoja ambaye Taifa zima linamkumbuka kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa. Naye ni Félicité Niyitegeka. Alikuwa mtumishi wa Kanisa Katoliki, akiongoza Kituo cha Mtakatifu Petro mjini Gisenyi. Kitambulisho chake hakikumweka katika hesabu ya waliokuwa wakiwindwa. Angeweza kufunga mlango na kunyamaza. Badala yake aliwapokea waliokimbia, akawalisha, na usiku akawasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Goma. Kaka yake, aliyekuwa ofisa mkubwa wa jeshi, alimtumia habari ajiokoe. Yeye akamjibu kwa barua kwamba asingewaacha watu zaidi ya arobaini waliokuwa mikononi mwake, na kwamba heri afe pamoja nao. Tarehe 21 Aprili, 1994, walichukuliwa wote. Alishuhudia wenzake wakiuawa kabla yake, kisha naye akauawa. Leo amewekwa katika daraja la mashujaa liitwalo Imena.

Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu linatufikisha kwenye sehemu ya pili ya jibu letu, nayo ni ukweli.

Wafu wote wanastahili heshima, lakini hawakufa kwa namna moja, na kumbukumbu inayowachanganya huwadhulumu. Katika wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, nchini Tanzania, yapo makaburi ya Kaboya. Hapo wamelazwa askari wa Tanzania waliokufa katika vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin ya mwaka 1978 na 1979, na majina yao yameandikwa kwenye mnara mweupe. Hao walikula kiapo, walishika silaha, walitumwa na Taifa lao kulinda ardhi iliyovamiwa, na wakafa wakitimiza wajibu. Ni haki kusema kwamba walianguka vitani. Mpagazi wa mwaka 1916 hakula kiapo chochote. Alikamatwa kijijini kwake, akatwishwa mzigo. Mkulima wa Bugoyi aliyekufa kwa Rumanura hakwenda popote; vita ndiyo iliyomjia. Na waliouawa katika Komini Nyekundu hawakuanguka vitani hata kidogo. Waliuawa kwa sababu ya walivyozaliwa, na waliowaua walikuwa watu waliowafahamu, wakiongozwa na wenye madaraka.

Mti hauwezi kuyaeleza mambo hayo. Mti hutoa kivuli kwa mwenye haki na kwa mkosaji. Ndiyo maana bustani nzuri iliyonyamaza yaweza kuwa hatari. Mgeni huingia, akapendezwa na maua, akapiga picha, akaondoka akidhani kwamba hapa palitokea msiba tu, kama vile tetemeko la ardhi. Bustani ya kumbukumbu haina budi kusema, kwa maandishi yanayosomeka, ni nani aliyekufa, alikufa lini, na ni nani aliyemuua. Bila hayo ni mahali pa kupumzikia tu.

Mfano wa bustani inayosema ukweli tunao hapa hapa nchini, katika kilima cha Nyanza, Kicukiro, mjini Kigali. Tarehe 11 Aprili, 1994, askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya Kicukiro, wakawaacha watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wameikimbilia bendera ya bluu. Watu hao waliswagwa mpaka Nyanza na kuuawa huko. Kazi ya Bustani ya Kumbukumbu mahali hapo ilianza mwaka 2000, kwa ubunifu wa msanii Bruce Clarke, na bustani ikazinduliwa rasmi mwezi Aprili 2019. Aliyeibuni hakutafuta urembo tu. Aliweka mawe. Aliweka mtama, kinamasi na miti, kwa kuwa watu walijificha katika mashamba ya mtama, katika vinamasi na katika misitu. Kwa hiyo kila sehemu ya bustani ni sehemu ya ushahidi. Anayeuona mtama hapo huelezwa kwamba mtama ulimficha mtu.

Sasa tuangalie pingamizi moja, ambalo ni la haki na linastahili kujibiwa kwa adabu. Mkulima wa Nyakiriba anaweza kusema: "Nchi yetu ni ndogo. Sensa ya mwaka 2022 imeonyesha kwamba sisi ni zaidi ya milioni 13, na kila kilomita ya mraba ina watu kama 500. Watoto wangu wanagawana shamba lisilotosha mtu mmoja. Nanyi mnasema tuwapandie wafu miti?"

Hapana mtu mwenye haki ya kulipuuza neno hilo. Lakini tukumbuke usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023. Mvua kubwa ilinyesha katika mikoa ya Magharibi, Kaskazini na Kusini. Vilima viliporomoka na mto Sebeya ukafurika ndani ya wilaya hii ya Rubavu. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha katika mikoa hiyo, wengi wao wakiwa usingizini. Usiku ule ulitufundisha kwamba ziko sehemu za ardhi ambazo jembe halipaswi kufika: miteremko mikali na kingo za mito. Sehemu hizo zinahitaji mizizi. Tukizipanda miti kwa majina ya wafu wetu hatumnyang'anyi mkulima chakula. Tunalishika shamba lake lisiteremke mtoni. Hivyo wafu wanawalinda walio hai, na walio hai wana sababu mbili za kuutunza mti badala ya moja.

Hata hivyo, si kila mti unafaa kwa kazi hii. Mkalitusi hukua haraka na hupendwa kwa sababu hiyo, lakini hunywa maji mengi, na chini yake mimea mingine hustawi kwa shida. Tena, mkalitusi hupandwa kwa ajili ya nguzo, kuni na makaa. Anayeupanda amekwisha kulifikiria shoka. Mti wa kumbukumbu uwe ule ambao hakuna mwenye haraka ya kuukata. Umuvumu huota kwa kipandikizi, huishi miaka mingi, na kivuli chake hutosha mkutano; wazee wetu walitengeneza nguo kutokana na gome lake. Umusave una maua ya manjano. Umuko una maua mekundu, na jina lake limo katika hadithi ya Ryangombe, aliyeuawa na nyati. Miti hii inajulikana kwa bibi na kwa mjukuu. Kila mmoja una la kusimulia hata kabla hatujautundikia jina.

Tumefika kwenye sehemu ya tatu na ya mwisho ya jibu, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Sehemu hiyo ni jembe.

Kupanda ni kazi ya siku moja. Siku hiyo huwa na viongozi, hotuba na nyimbo. Maombolezo yetu huanza tarehe 7 Aprili, na Aprili ni mwezi wa mvua za masika. Mche uliopandwa siku hiyo hunyweshwa na mbingu. Watu huja, huweka maua, hufyeka, husafisha. Lakini mvua hukatika, na kiangazi cha Juni, Julai na Agosti huingia. Viongozi wamerudi kwenye kazi zao. Vumbi limepanda. Mbuzi amekatika kamba. Mche haufi mwezi wa Aprili mbele ya umati. Hufa mwezi wa Julai, pasipo na mtu. Mwaka unaofuata hupandwa mwingine mahali pale pale, na hotuba ile ile hurudiwa. Tukienda hivyo, tutakuwa tumefanya kwa uvivu yale ambayo wakoloni waliyafanya kwa amri: tutakuwa tumewaachia wafu wetu pori.

Dawa ya jambo hili tunayo, wala haihitaji fedha nyingi. Tunayo desturi ya umuganda, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda wa Julai na wa Agosti ungeweza kutengwa kwa ajili ya ndoo za maji na majani ya kufunika mashina. Tunazo shule. Darasa moja likikabidhiwa mti mmoja, likajua jina la mti na jina la mtu, likaupokeza kwa darasa linalofuata kama vile funguo zinavyopokezwa, mti huo hautakosa mtu wa kuutazama. Na katika ofisi ya sekta liwepo daftari moja, lenye jalada gumu, lililoandikwa kwa wino. Ndani yake liandikwe jina la kila aliyekufa, mahali alipokuwa akiishi, siku aliyouawa, jinsi alivyouawa, mti wake ni upi, na nani anayeutunza. Mti ukianguka kwa upepo, daftari litabaki na mwingine utapandwa. Nalo daftari likisahauliwa kabatini, mti utamfanya mtoto aulize.

Maana, ndugu msikilizaji, wengi wa Wanyarwanda wa leo walizaliwa baada ya mwaka 1994. Hawakuyaona. Wanaosimulia kwa macho yao wenyewe wanazeeka, na kila mwaka idadi yao inapungua. Lile jambo lililowezekana katika ikigabiro, yaani mti pamoja na mtu mzima wa kueleza, linawezekana leo, lakini halitawezekana milele bila maandishi na bila mazoea ya kutunza. Wapo watu nje na ndani wanaoungojea wakati huo, ili waseme kwamba hayakutokea, au kwamba yalikuwa vita tu ya watu wawili waliogombana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatusemi kwamba kila kilima kiwe na bustani kubwa kama ya Kigali. Miti kumi inatosha, ikiwa kila mmoja una jina la kweli na mtu wa kuumwagilia. Tunasema tu kwamba mahali popote patakapopandwa mti kwa ajili ya mtu aliyekufa, waliopo siku ile wajue kwamba wametia ahadi, na kwamba ahadi hiyo hupimwa wakati wa kiangazi.

Siku moja mtoto wa Nyakiriba atashuka kuelekea Gisenyi, ataona miti imesimama kwa safu kwenye mteremko, na atauliza ni ya nani. Aliye karibu naye awe na jibu. Na akikosa jibu, basi awepo mwenye daftari.